Harufu Ilipotoweka

Ua wa Fundi haukuhitaji kibao. Mgeni alifuata pua yake mpaka akafika langoni.

Ulikuwa ua wa kutengeneza ngozi. Ulikuwa na kuta za matofali, paa la mabati upande mmoja, na matangi matatu ya saruji yaliyojengwa kwa mstari. Fundi aliurithi kwa baba yake. Alirithi pia kazi, heshima ya kazi, na ukaidi wa kazi. Mkewe aliitwa Bi Chumvi, kwa kuwa kwa miaka mingi yeye ndiye aliyezipaka chumvi ngozi mbichi zisioze. Mdogo wake Fundi aliitwa Kifua. Ukimwona amebeba ngozi mbili za ng'ombe zilizolowa maji, moja kila bega, huulizi sababu ya jina hilo.

Kazi ilikwenda kwa utaratibu. Katika tangi la kwanza, ngozi zililowekwa katika maji ya chokaa yaliyochanganywa na dawa ya manjano iitwayo salfaidi. Dawa hiyo hulegeza nywele. Kisha Kifua alizitandaza ngozi juu ya gogo akazikwangua, na nywele zikatoka kwa mafungu. Katika tangi la pili, ngozi zilioshwa. Katika tangi la tatu, zilitiwa maji ya tindikali na chumvi, ili zikae tayari kupokea dawa ya mwisho.

Maji machafu ya matangi yote yalipita katika mtaro mmoja. Mtaro huo uliishia katika shimo moja lenye kifuniko cha zege, nyuma ya ua. Shimo lilikuwa refu kuliko mtu aliyesimama juu ya mabega ya mwenzake. Mtaro mmoja, shimo moja. Msomaji aliweke jambo hilo moyoni.

Asubuhi moja fundi viatu alikuja kuchagua ngozi. Aliingia huku ameziba pua kwa vidole viwili.

"Fundi, leo mmepika nini humu?"

"Mayai viza," Fundi alijibu bila kuinua kichwa. "Na wewe ndiwe mgeni wa heshima. Karibu mezani."

"Nimeshiba! Nipe ngozi yangu niondoke nikiwa hai."

Bi Chumvi alicheka. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akiisugua bangili yake ya fedha kwa majivu. Kila wiki aliisugua ikang'aa, na kila wiki iligeuka nyeusi tena.

"Shemeji, bangili hiyo ulidanganywa," Kifua alimtania. "Hiyo ni bati."

"Bati ni hilo lililo kichwani mwako," Bi Chumvi alisema. "Fedha hii alinivisha mama yangu. Funga mdomo, kwangua ngozi."

Hivyo ndivyo walivyoishi. Harufu waliizoea. Macho yaliwawasha jioni, wakasema ni chokaa. Vichwa viliwauma, wakasema ni jua.

Siku ya tatu baada ya fundi viatu kuja, maji yalikataa kwenda. Yalijaa mtaroni, yakafurika, yakatambaa juu ya sakafu mpaka karibu na lango. Shimo lilikuwa limeziba kwa nywele na mafuta ya ngozi.

Fundi alisimama katikati ya maji hayo, mikono kiunoni.

"Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake," alisema. "Sisi zetu tumezijaza shimoni. Kifua! Leta ngazi."

Kuzibua shimo kulikuwa na desturi yake. Baba yake Fundi aliianzisha, na hakuna aliyewahi kuiuliza swali. Kwanza, walifungua kifuniko. Pili, walifungulia maji ya tindikali kutoka tangi la tatu yaingie shimoni, kwa sababu mzee alisema tindikali hula nywele na kukata mafuta. Maji hayo yakikutana na uchafu wa shimoni, yalitoa mapovu na kuchemka bila moto. Mzee aliyaona mapovu akafurahi. "Shimo linajisafisha," alikuwa akisema. Tatu, walisubiri harufu itoweke. Nne, waliteremsha taa iliyowashwa. Taa isipozimika, mtu alishuka na ndoo.

Siku hiyo walifanya vivyo hivyo. Fundi alivuta kizibo cha tangi la tatu. Tindikali ilikimbia mtaroni ikaingia shimoni. Mapovu yakaja. Harufu ya mayai viza ikapanda kwa nguvu, ikawafanya wote wawili kurudi nyuma hatua chache.

"Leo linachemka kweli!" Kifua alisema, akifuta machozi.

"Ndivyo dawa inavyofanya kazi. Ngoja."

Walisimama pale wakingoja. Muda si muda, Fundi akavuta pumzi puani, kisha akavuta tena.

"Unasikia kitu?"

"Sisikii."

"Imekwisha. Mama watoto! Lete taa!"

"Haina mafuta!" Bi Chumvi alijibu kutoka ndani. "Nakuja, naijaza!"

Kifua hakupenda kungoja. Juu ya mdomo wa shimo kulikuwa na nguzo mbili na bomba la chuma lililolala juu yake. Kamba ya ndoo ilipita juu ya bomba hilo, na ncha yake moja ilikuwa imefungwa kwenye nguzo. Kifua aliichukua ncha ya pili, akaifunga kiunoni ili mikono yote miwili ibaki huru kushika ngazi.

"Taa ya nini, kaka? Harufu haipo, na jua linamulika mpaka chini. Nikifika nitaifungua kamba, uniteremshie ndoo."

"Haya. Shuka polepole."

Kifua alishuka vipago vichache. Kichwa chake kikapita chini ya mdomo wa shimo. Fundi alimwona akisimama, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau. Kisha mikono ikaachia ngazi. Hakupiga kelele. Alianguka kama gunia.

"Kifua!"

Hakuna jibu.

"Kifua! Ndugu yangu!"

Fundi alilirukia shimo. Mguu mmoja ulikuwa tayari juu ya ngazi alipohisi mkono umekamata mkanda wake kwa nyuma. Alikuwa Bi Chumvi. Mkono wake mmoja ulishika mkanda, na mwingine ulishika taa inayowaka.

"Niache! Anakufa!"

"Sikuachi! Kama yule mwenye kifua ameanguka, wewe mwenye pumu utafanya nini humo?"

"Ni mdogo wangu!"

"Na wewe ni mume wangu! Toa mguu!"

Kelele hizo zilivuka ukuta. Upande wa pili aliishi mwanamke wa kikosi cha zimamoto, ambaye mtaa mzima ulimwita Sajini. Siku hiyo hakuwa zamu. Alikuwa akianika nguo. Alilitupa beseni, akapita lango la Fundi mbio, na kwa mtazamo mmoja akaona shimo, taa na mguu juu ya ngazi.

"Zima taa hiyo!" alinguruma. "Mbali nayo! Wewe, Fundi, toa mguu! Anayeshuka sasa ni maiti wa pili!"

Sauti yake ilikuwa ya amri, na watu hutii amri kabla ya kuielewa. Bi Chumvi aliizima taa na kuitupa mbali. Fundi aliutoa mguu.

"Ana kamba?"

"Kiunoni."

"Mungu ni mkubwa. Shikeni kamba, mrudi nyuma kabisa. Upepo uwe mgongoni kwenu. Msiinamie shimo. Vuteni kwa pamoja. Vuta! Vuta! Usitazame, vuta!"

Wote watatu walivuta. Kamba ililia juu ya bomba. Kifua alikuwa mzito kama ngozi kumi mbichi. Hatimaye kichwa chake kikatokea, kisha mabega. Sajini alibana pumzi, akakimbia, akamkamata kwapani akamburuta mpaka nje ya lango, kwenye hewa.

Midomo ya Kifua ilikuwa imebadilika rangi. Sajini aliinamisha shavu lake karibu na pua ya Kifua.

"Anapumua, lakini kidogo. Mvueni shati lililolowa. Bi Chumvi, leta maji safi umwoshe macho. Fundi, piga simu ya dharura. Sema mtu amevuta gesi ya sumu shimoni. Sema hivyo hivyo, wasije na mikono mitupu."

Gari la wagonjwa lilikuja. Kifua aliondoka akiwa amefunikwa pua na mdomo kwa kifaa cha hewa ya oksijeni.

Hospitalini, Fundi na mkewe waliketi kwenye benchi la ukutani. Sajini aliketi kati yao. Daktari alikuwa amesema kwamba Kifua ataishi, lakini mapafu yake lazima yaangaliwe kwa siku kadhaa, kwa kuwa gesi ile yaweza kuyajaza maji hata baada ya mtu kuamka.

Fundi alivikunja vidole vyake, akavikunjua.

"Sielewi," alisema. "Harufu ilikuwa imekwisha. Niliinusa mwenyewe. Haikuwepo."

"Jirani, harufu haikwenda popote," Sajini alisema. "Pua yako ndiyo iliyokufa."

"Pua kufa?"

"Gesi hii inaitwa haidrojeni salfaidi. Haina rangi, huwezi kuiona. Ikiwa kidogo sana, inanuka mayai viza, na pua inakuonya. Ikizidi, inaua uwezo wa pua kunusa. Mtu anadhani hewa imesafika, kumbe sasa ndipo ilipo mbaya zaidi. Ulipomruhusu Kifua ashuke, ulikuwa umesimama mahali pa hatari hata wewe."

Bi Chumvi alijishika kifua. "Na huko chini?"

"Huko chini ndiko inakokaa. Ni nzito kuliko hewa. Inashuka, inajaza shimo kama maji yanavyojaza mtungi. Ikiwa nyingi, pumzi mbili tatu zinatosha. Ndiyo maana hakupiga hata kelele."

"Lakini baba yangu alikuwa akiteremsha taa," Fundi alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetetea nyumba iliyokwisha kuanguka. "Taa haikuzimika hata siku moja."

"Taa inakuonyesha kwamba kuna hewa ya kuwasha moto. Haikuonyeshi sumu. Na kuna lingine. Gesi hii inawaka. Ikikusanyika ya kutosha, mwali mdogo, sigara, hata cheche ya chuma, inalipuka. Bi Chumvi, ile taa yako leo ilikuwa hatua chache kutoka kutuzika sote."

Muuguzi alipita akisukuma kitanda cha magurudumu.

"Gesi hii ilitoka wapi?" Bi Chumvi aliuliza. "Kila siku tunafanya kazi humo na hatuanguki."

"Nambieni kwanza mlimwaga nini shimoni."

Fundi alimweleza habari ya tindikali. Sajini alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Shimo lenu lina maji ya salfaidi," alisema. "Salfaidi ikikaa na chokaa, hutulia. Ikikutana na tindikali, inaachia gesi papo hapo. Yale mapovu mliyoyafurahia, yale ndiyo gesi yenyewe. Hamkuwa mkisafisha shimo. Mlikuwa mkitengeneza sumu, kisha mnamteremsha mtu ndani yake."

Aliushika mkono wa Bi Chumvi, akaigeuza bangili.

"Hii imekuwa nyeusi kwa sababu gani?"

"Huwa nyeusi tu. Naisugua."

"Fedha hubadilika ikiguswa na gesi hii, hata ikiwa kidogo. Bangili yako imekuwa ikiwaambia kila wiki, nanyi mkaisugua inyamaze."

Fundi aliinama. Aliposema, hakumtazama yeyote.

"Baba yetu mdogo alifia katika shimo hilo. Nilikuwa sijaoa. Tulimtoa, tukasema moyo wake ulisimama. Tuliwaambia wote waliokuja kuzika: ni moyo."

Sajini aliiachia bangili, akamwekea Fundi mkono begani.

Mtu angedhani kwamba mambo yalikwisha pale kwenye benchi. Hayakukwisha. Kujua ni jambo moja, na kuacha mazoea ni jambo lingine.

Kifua alirudi nyumbani akiwa amekonda, macho mekundu, na kikohozi kikavu. Shimo lilikuwa bado limejaa. Ngozi zilikuwa bado zimo matangini, na kila siku iliyopita zilizidi kuharibika. Fundi viatu alimkuta Kifua langoni.

"Ndugu, pole sana," alisema. Kisha mdomo ukamshinda. "Lakini ulituangusha. Sisi tulikuita Kifua, kumbe kifua chenyewe cha kuku!"

Alisema akicheka, na Kifua alicheka naye. Lakini wakati wa chakula hakula. Alisukuma sahani.

"Kaka, kesho nashuka."

Bi Chumvi aliacha kutafuna. "Unashuka wapi?"

"Shimoni. Safari hii hatutamwaga tindikali. Nitafunga kamba kifuani, si kiunoni. Nitajifunga kitambaa chenye maji puani. Dakika chache tu, nimemaliza. Siwezi kuitwa kuku na mtaa mzima."

"Fundi viatu ndiye mtaa mzima?"

"Shemeji, haya ni mambo ya kazi."

"Na mimi nafanya nini katika ua ule, nacheza ngoma?"

Wote wawili walimtazama Fundi. Yeye ndiye mwenye ua, na neno la mwisho lilikuwa lake. Fundi alifikiria ngozi zake. Alifikiria wateja waliomwamini tangu enzi za baba yake.

"Kama tindikali haimo," alisema taratibu, "na kama kamba ni nzuri, huenda..."

Bi Chumvi aliinuka. Alitoka nje, na muda mfupi baadaye wakasikia sauti ya msumeno. Walipotoka, walimkuta ameilaza ngazi juu ya gogo la kukwangulia, goti lake juu yake, anaikata. Kipago cha kwanza kilikuwa tayari chini. Jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni.

"Mama watoto! Hiyo ni ngazi ya baba!"

"Ilikuwa."

"Umepagawa?"

"Nina akili kuliko siku zote." Hakusimamisha msumeno. "Niliolewa katika nyumba hii nikakuta jeneza limekwisha kutoka, nikaambiwa ni moyo. Sitangoja jeneza la pili niwaambie watu ni mapafu. Ngozi zikioza, ng'ombe wapo duniani. Kifua ni mmoja. Anayetaka kushuka, na aruke."

Kifua alitaka kucheka, lakini kikohozi kilimpata. Alikohoa mpaka akaketi chini. Bi Chumvi aliendelea kukata. Aliikata ngazi yote.

Asubuhi Fundi mwenyewe alikwenda kugonga mlango wa Sajini. Kwa mtu kama yeye, hatua zile chache zilikuwa safari ndefu.

"Jirani," alisema, "Kifua alitaka kushuka na kitambaa chenye maji puani, na mke wangu amekata ngazi. Sasa nifundishe mtu anavyofanya kazi bila ngazi."

Sajini alikuja akiwa na kifaa kidogo cha manjano cha kupimia gesi, kilichofungwa kwenye uzi mrefu. Aliwasimamisha wote mbali na shimo, upepo ukiwa migongoni mwao.

"Kifua, unataka kushuka. Njoo hapa tulipo. Unasikia harufu?"

Kifua alinusa. "Hata chembe."

"Fundi?"

"Hakuna."

"Kitambaa chako chenye maji kiko wapi? Kiweke kando. Huzuia vumbi. Gesi hii hukipita kama upepo unavyopita kwenye wavu."

Kifuniko kilikuwa wazi sehemu ndogo tangu siku ya ajali. Sajini alitumia fito ndefu kukiteremsha kile kifaa polepole ndani ya mwanya huo. Kwanza kilikaa kimya. Kisha kikalia. Kilipiga kelele kali, za haraka haraka, na taa yake nyekundu ikawakawaka. Sajini hakukitoa mara moja. Aliacha kilie.

Kifua alikitazama. Uso wake ulibadilika.

"Kinalia hivyo na mimi sisikii harufu?"

"Mchana kutwa, usiku kucha. Tindikali mliimwaga siku zilizopita, na gesi bado imo. Hata bila tindikali, uchafu na nywele zikioza hutoa gesi hii hii. Mtu akikanyaga tope, mapovu yaliyofungiwa chini hupanda yote kwa mara moja. Sisi wa zimamoto hatushuki bila mtungi wa hewa mgongoni, kamba, na wenzetu juu. Na kabla ya kushuka tunajiuliza: kuna ulazima?"

"Na mtu akiwa amekwisha kuanguka?" Kifua aliuliza kwa sauti ndogo. "Ndugu amwache?"

"Ndugu apige kelele. Apige simu. Kama kuna kamba, avute akiwa juu. Lakini asishuke. Nimewahi kutoa watu watatu katika shimo moja. Wa kwanza alikwenda kufanya kazi. Wawili walikwenda kwa mapenzi."

Kifua alimtazama kaka yake. Alikuwa amesimuliwa habari ya mguu uliokuwa juu ya ngazi.

"Kaka," alisema, "ungenifuata kweli?"

"Nilikuwa nimekwisha kukufuata. Shemeji yako alinirudisha kwa mkanda."

"Basi sishuki," Kifua alisema. "Fundi viatu na aniite kuku, bata, chochote akipendacho."

Ndipo kazi ya kweli ilipoanza. Fundi hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu. Kwanza aliita gari la kunyonya maji taka. Mpira wake mnene uliingia shimoni, na watu wote walibaki juu. Baadhi ya ngozi ziliharibika kwa kungoja, wakazizika. Fundi alishika sepeto mwenyewe, na hakunung'unika.

Kisha alivunja mtaro wa baba yake. Alijenga miwili. Mmoja ulibeba maji ya chokaa na salfaidi, ukaenda kwenye shimo la zamani. Wa pili ulibeba maji ya tindikali, ukaenda upande wa pili wa ua, kwenye tangi lake. Kati yake aliacha nafasi pana, ili hata mtu akikosea ndoo, maji yasikutane. Kila mtaro ulipakwa rangi yake, na ndoo za kila upande zikapakwa rangi hiyo hiyo. Mdomoni mwa mtaro wa kwanza aliweka chujio la waya. Kifua aliondoa nywele pale kila jioni, kwa reki ya mpini mrefu, amevaa glavu na buti za mpira.

Kifuniko cha shimo nacho kilibadilishwa. Kipya kilikuwa cha chuma, kimefungwa kwa nati nene, kina tundu moja la kupitishia mpira wa gari. Mtu asingeweza kupita humo. Bomba refu la kutolea hewa lilisimamishwa kando yake, likapita juu ya paa. Sigara zilipigwa marufuku kuanzia langoni. Fundi viatu alipoingia na yake mdomoni, Bi Chumvi alimtoa nje kwa kumshika sikio, na mtaa mzima ukapata la kusimulia.

"Huyu mwanamke ni jeshi!" fundi viatu alilalamika.

"Bora jeshi kuliko jeneza," Bi Chumvi alimjibu. "Zima, kisha ingia."

Miezi ilipita. Macho hayakuwasha tena jioni. Vichwa vilipoa. Kikohozi cha Kifua kilimwacha, na mabega yake yakarudi kama zamani. Wenye nyua nyingine za ngozi walianza kuja kuitazama ile mitaro miwili. Wengine walicheka. Wengine walipima kwa kamba, wakaenda kujenga yao.

Siku moja gari la maji taka lilikuwa limemaliza kazi, na tundu la kifuniko lilikuwa bado wazi. Kibarua mpya, mtu mzima mwenye bidii, alikuwa akiosha visu bombani karibu na hapo. Kisu kimoja kilimteleza. Kiligonga kifuniko, kikazunguka, kikaingia tunduni.

Kibarua alishika kichwa. Kila aliyefanya kazi katika ua ule alikijua kisu kile. Mpini wake wa pembe ulikuwa umeliwa na kiganja cha mzee, kisha na kiganja cha Fundi. Ngozi zote bora zilizowahi kutoka katika ua ule zilipita chini ya makali yake.

"Nisamehe, mzee!" Kibarua alikwisha kuchukua spana. "Nafungua nati hizi sasa hivi. Maji yamenyonywa, kisu kiko juu ya tope tu. Nashuka kwa kamba, nakitoa."

"Weka spana chini," Fundi alisema.

"Mzee, dakika moja tu. Hata harufu hamna."

"Nimesema weka chini. Ondoka hapo. Njoo upande huu wa upepo."

Kibarua aliiweka spana, akaja. Kifua aliacha ngozi juu ya gogo. Alisimama kando ya kaka yake, akilitazama lile tundu jeusi.

"Kaka, kile ni kisu cha baba."

"Najua."

"Hatutapata kingine kama kile."

"Hatutapata. Nacho hakina mapafu. Kitakaa humo salama."

Fundi alibana pumzi, akaenda, akaliziba tundu kwa kizibo chake, akakikaza kwa mikono miwili, akarudi. Halafu akaenda ukutani ambako visu vilitundikwa. Alichukua kimoja kipya, ambacho mpini wake ulikuwa bado na rangi ya dukani. Alijaribu makali kwa kidole gumba. Hayakumridhisha. Aliketi, akakinoa juu ya jiwe kwa utulivu, upande mmoja, kisha wa pili, mpaka kikakubali.

Aliinuka, akafunga aproni, akainama juu ya gogo.

"Lete ngozi," alimwambia kibarua.